Kibuyu cha mama mkwe

"Shangazi, nauza spea hapa Gerezani. Nikinywa chai ya maziwa asubuhi, tumbo linajaa, linanguruma, na kabla ya saa nne nimeshaenda chooni mara mbili. Nimetibiwa taifodi mara tatu. Safari hii daktari kaniambia niache maziwa. Nikahamia ya unga, hali ni ile ile. Kijiweni wananicheka. Jumanne iliyopita mama mkwe, Mmaasai wa Monduli, katuletea kibuyu cha maziwa mgando, nikamdanganya nimefunga. Mke wangu kanuna mpaka leo. Mwanetu wa miaka mitatu anayanywa bila shida, naye nimnyime? Tumbo Moto, Gerezani."

Mwanangu Tumbo Moto,

Jumanne umefunga nini? Sunna ni Jumatatu na Alhamisi, na mgeni akishakaa Kariakoo siku mbili hilo analijua. Mkeo hakununia maziwa. Mama yake kapanda basi kutoka Monduli na kibuyu kapakata mapajani kutwa nzima, kisimwagike, halafu mkwe anamtungia saumu.

Tumbo lako silo la ajabu. Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi, na utumbo wa mtoto una kimeng'enya cha kuivunja. Tukishaachishwa ziwa, kwa wengi wetu kimeng'enya hicho hupungua kadiri tunavyokua. Sukari isiyovunjwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Ngurumo unayoisikia ndiyo hiyo. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako kama wewe, basi hao wanaokucheka kijiweni, baadhi yao naamini wanasingizia supu ya jana.

Mama mkwe yuko upande wa pili. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko ya vinasaba yanayomwachia mtu mzima kimeng'enya chake cha utotoni, na si lile badiliko la Wazungu. La huku kwetu lilizuka lenyewe na kuenea kwa wafugaji katika miaka elfu chache tu. Mtoto akilirithi kwa mzazi mmoja linamtosha. Mwanao huyo mwache na kikombe chake, huenda tumbo kalichukua Monduli.

Uliponiudhi ni kwenye unga. Maziwa ya unga ni maziwa yaliyotolewa maji, sukari yote imebaki humo. Zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi. Ukitia vijiko vitatu vya kujaa umerudi ulikotoka. Mgando ni habari nyingine. Bakteria walioyagandisha wameshakula sehemu ya hiyo sukari, na wakifika tumboni wakiwa hai wanaendelea kuivunja. Kwa maneno mengine, umekikataa kibuyu ambacho pengine kingekuwia rahisi, ukakumbatia kopo linalokukimbiza chooni.

Fanya hivi. Wiki mbili usiguse maziwa kabisa, na hapo hesabu pia aiskrimu, chokoleti, na skonzi zilizokandwa kwa maziwa. Samli haina neno, sukari hiyo karibu yote imebaki kwenye maziwa. Tumbo likitulia, jaribu nusu kikombe cha mgando baada ya ugali, si asubuhi na njaa. Wengi wenye hali yako wanahimili hata gramu 12 za laktosi kwa mkupuo, yaani bilauri moja ya maziwa, mradi wamekula. Tena kuhara kwa vijidudu huweza kuuchubua utumbo ukayakataa maziwa kwa muda tu, kisha ukapona, kwa hiyo usijihukumu kifungo cha maisha kabla hujajaribu. Lakini ukiona damu chooni, unakonda au homa inakuja, rudi hospitali, hayo si ya maziwa. Na mtu anayevimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi akinywa maziwa, huyo ana mzio. Asijaribu chochote, akimbizwe hospitali.

Kijiweni mbona una bahati! Muuza kahawa anapita na dele lake juu ya makaa, anagonganisha vikombe, kashata ya karanga pembeni. Nani atakuuliza maziwa yako wapi? Kwa mama ntilie, mwombe akuchotee chai ya rangi kabla hajamimina maziwa kwenye sufuria, maana yakishachanganyika hata akikuchujia mara tatu laktosi haitoki. Chakula nacho Pwani tulishamaliza kazi: wali wa nazi, mbaazi za nazi, vitumbua, mkate wa kumimina. Ila tui ni utamu, halina kalsiamu ya maana. Hiyo ifuate kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, na majani ya kunde. Wewe unakaa hatua chache na soko, sioni kisingizio.

Sasa mama. Habari za choo hazisemwi na mkwe uso kwa uso, kwa hiyo zipitishe kwa mkeo, tena umwambie yeye kwanza, kila kitu, pamoja na zile mbio za saa nne. Yeye ataziweka kwa Kimaasai zikasikika vizuri kuliko utakavyoziweka wewe. Wewe kazi yako ni kuomba radhi kwa ile Jumanne.

Na kibuyu kisirudi peke yake. Kifungashie sukari na majani ya chai, vinapendwa sana Monduli, na huko maziwa atayatia mwenyewe.

Shangazi yako