Kabla ya Kuchimba Kisima, Tusome Kilima



Kila kiangazi tunasikia swali moja: kwa nini kisima cha jirani iko na maji na chetu kimekauka, na vyote viko na metre 12? Jibu liko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya Ituri, kule Djugu, Mahagi na Aru, inalala juu ya mwamba mgumu wa zamani sana, kama vile graniti. Jiwe hilo likiwa zima halinywi maji. Maji yanakaa mahali pawili tu.

1. Katika jiwe lililooza
Mvua na joto vimeozesha sehemu ya juu ya mwamba. Kwanza tunakuta udongo wa mfinyanzi: unashika maji mengi lakini unayaachilia polepole. Chini yake, karibu na mwamba mzima, kuna changarawe na vipande vya jiwe. Hapo maji yanatembea vizuri. Basi tusisimame kwenye unyevu wa kwanza.

2. Katika nyufa
Nyufa za mwamba zinajazwa na maji ya tabaka lililooza juu yake. Lakini mara nyingi zinapungua tukizidi kushuka. Kutoboa zaidi si dawa kila mara, na kila metre inakula feza ya koperative.

Alama za kutafuta
– Juu ya kilima penye mwamba uchi, tuache. Chini ya mteremko na bondeni, maji yanakusanyika.
– Chemchemi zilizojipanga mstari mmoja, ao bonde lililonyooka kama kamba: mara nyingi chini yake kuna ufa mkubwa.
– Miti inayobaki mibichi wakati majani mengine yamekauka.

Wakati wa kuchimba
Tuchimbe mwisho wa kiangazi, mwezi wa pili, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kinachopata maji wakati huo hakitatuacha kwa urahisi. Tuvute maji, tuhesabu bidoni, tupime yanarudi kwa muda gani. Kama hayarudi mpaka asubuhi, yanatosha kunywa, hayatoshi kumwangilia kabichi.

Choo kikae mbali, metre 30 ao zaidi, na kisiwe upande wa juu: nyufa hazichuji uchafu.

Mwisho, kilima ndicho kinalisha kisima. Mifereji ya kuzuia mmomonyoko tunayochimba juu inapunguza mbio za mvua ili izame. Tukikiacha kilima uchi, maji yanakimbilia mtoni, na kisima kinabaki shimo.