Samaki Anayekatikia Shimoni

SWALI: Nimehamia Minnesota, Marekani, na nimeanza kuvua kwenye ziwa lililoganda. Wadogo nawatoa, ila paiki wakubwa hunikatia mshipi wakifika shimoni. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Mara nyingi kosa ni haraka. Ukingo wa chini wa shimo una makali, na mshipi uliokazwa ukiusugua mara mbili tatu, umekwisha. Samaki akikimbilia pembeni, piga goti, zamisha ncha ya ufito majini ili mshipi usiguse barafu. Legeza breki ya gurudumu, mwache aende. Paiki akifika karibu na shimo hukurupuka tena hata kama ulidhani amechoka.

Mapema, ondoa vibarafu vinavyoelea kwa upawa wenye matundu. Kisha ngoja kichwa. Samaki mkubwa anayekuja kwa ubavu hapiti shimo la sentimita 20; pua ikishaingia, mwinue kwa mwendo mmoja, bila kusita. Usitie vidole mdomoni, meno yake ni kama sindano! Mshike chini ya kifuniko cha shavu, usiguse matamvua mekundu, mkono wa pili ubebe tumbo.

Ukitaka kumrudisha, usimlaze juu ya barafu: macho na matamvua huganda upesi.

Na kabla hujatoboa shimo lolote, pima barafu. Kwa anayetembea kwa miguu, idara ya maliasili ya Minnesota inashauri unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo safi.