Dondoo muhimu: Kuhamisha mashine pepe, ikiwa hai au imezimwa

Ofisi yako ya Kimana ina seva mbili na moja imezeeka? Kabla ya kuhamisha mashine pepe, pitia haya.

1. Linganisha prosesa. Kutoka Intel kwenda AMD, izime kwanza. Ikihama hai huenda ikaganda.
2. Ondoa diski za USB na faili za ISO zilizounganishwa. Hivi vidogo ndivyo hukwamisha kazi.
3. Tumia kebo, si Wi-Fi. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde, kumbukumbu ya GB 16 huchukua zaidi ya dakika mbili hata mambo yakienda vizuri.
4. Usihamishe mashine ya hifadhidata ya mauzo ikiwa hai siku ya soko: kumbukumbu inaweza kubadilika haraka kuliko inavyonakiliwa, uhamisho usiishe.
5. Kwenda tawi la Kitengela? Zima, nakili kwenye diski, mpe mtu wa matatu unayemwamini, na diski iwe imefungwa kwa nywila.
6. Seva zote mbili, pamoja na swichi, ziwe kwenye UPS.
7. Nakala ya zamani ya mashine pepe usiifute siku hiyohiyo, wala usiiwashe pamoja na mpya. Anwani za IP zitagongana.