Farasi Gani wa Lambwe?

Haya, mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia mlangoni. Usinune. Unaishi bondeni Lambwe, nchi ambayo farasi hakai, halafu kijana wa mtumba pale Homa Bay anakuapia kwamba buti zile za kahawia ni "ngozi ya farasi, dada, imetengenezwa kwa magome ya miti." Shilingi 14,000. Na wewe ndio kwanza umepokea mshahara wa pili.

Nianze na huyo farasi, maana wasomaji wa mbali watadhani nakutania. Lambwe ni kwa mbung'o. Mdudu huyo ndiye aliyewafanya wazee wetu waliogope bonde lile, na pengine ndiye aliyewaachia swala korongo nafasi. Eneo lile lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, likawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma mwaka 1983, na ndiko waliko korongo wa mwisho wa Kenya. Mbung'o humpa binadamu malale na mifugo nagana. Ng'ombe akishikwa na nagana hukonda pole pole, na mwenye pesa ya sindano humwokoa. Farasi hana mchezo huo, yeye huenda upesi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, tukashangilia, lakini mbung'o mwenyewe hakufunga virago.

Kwa hiyo kama hizo buti ni za farasi, farasi huyo ametoka mbali. Yawezekana? Yawezekana kabisa. Chicago kuna kiwanda cha Horween, kinatengeneza ngozi tangu 1905, na sifa yake kubwa ni kipande cha matakoni mwa farasi. Kila farasi hutoa vipande viwili tu, vidogo, vya mviringo, na kukiandaa kipande kimoja kwa magome na mafuta na kukisugua huchukua angalau miezi 6. Japani nako, mjini Himeji, wapo mafundi wa namna hiyo. Buti mpya za ngozi ile huuzwa kwa mamia ya dola. Zikichoka huko Marekani hutupwa, hufungwa kwenye marobota, na robota halijui thamani ya kilichomo. Basi huenda kijana wako hadanganyi. Huenda pia amelisikia neno "farasi" juzi kwenye simu akaona linapandisha bei.

Sasa nikuulize wewe. Farasi atakufanyia nini kwenye ule udongo mweusi wa Lambwe, mvua za Aprili zikishika? Mnyama usimshughulikie sana. Kisumu watu wanashona viatu kwa ngozi ya mbuta, samaki yule yule tunayemla na ugali, na hakuna anayecheka. (Na walioniuliza wiki iliyopita kama hizi "za farasi" si punda walioibwa: ngozi za punda zilikuwa zikienda China kuchemshwa ziwe dawa iitwayo ejiao, na viongozi wa Umoja wa Afrika walipiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Wanunuzi hao hawakutafuta viatu.) Wewe uliza ngozi imeivishwa kwa kitu gani, na soli imeshikwa na nini.

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze, huloweshwa ama kwenye chumvi za kromu ama kwenye maji ya magome yenye tanini. Ya kromu huiva kwa siku moja au mbili, hutoka ya rangi ya samawati, halafu hupakwa rangi yoyote mwenye kiwanda aitakayo. Viatu vingi tunavyovaa ni hivyo, na si vibaya: ni vyepesi, havinywi maji sana. Ya magome hukaa majuma, hata miezi, na hutoka ngumu, nzito, ya kahawia yake yenyewe. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Eldoret kulikuwa na kampuni kubwa ya EATEC iliyokuwa na mashamba ya miwati, mti uliotoka Australia, ikikamua dawa ya ngozi kutoka kwenye magome yake. Njombe kule Tanzania, TANWAT ilianzishwa kwa kazi hiyo hiyo mwaka 1949. Kwa hiyo kijana akikwambia "magome" kana kwamba ni uchawi wa Wazungu, mtazame tu.

Jumamosi rudi kwake. Nenda asubuhi, mwanga wa jua ukiwa mzuri, usiende jioni chini ya taa ya mafuta. Usishike mbele ya kiatu, huko ndiko walikopaka kiwi. Fungua kamba, vuta ulimi nje, tazama ukingo wake pale ulipokatwa. Ukiona mstari wa kijivu au wa samawati katikati, kama nyama ya sandwichi, hiyo ni kromu, hadithi imeisha. Ukiwa kahawia juu mpaka chini, endelea. Ingiza pua ndani (soksi za mwenyewe wa zamani zimeshasahaulika, usiogope). Ya magome hunuka mti na udongo, ya kromu haina harufu hiyo. Kisha lowesha kidole, bonyeza tone moja nyuma ya kisigino. Kama hazijapakwa nta nyingi, tone litazama na kuacha doa jeusi kidogo litakalopotea likikauka.

Na farasi? Kunja kiatu pale vidole vinapopindia. Ile ngozi ya matakoni haifanyi mikunjo midogo midogo kama uso wa bibi. Inafanya mawimbi mapana, laini, kama shuka lililosukumwa kitandani. Ukiyaona mawimbi hayo, piga kimya, usimwonyeshe furaha, anza kupunguza bei.

Halafu pindua. Soli ya gundi tupu usiilipie 14,000, hata ngozi iwe ya malaika. Tafuta uzi unaozunguka ukingoni, unaoshika soli na ukanda wa pembeni. Soli iliyoshonwa fundi yeyote mzuri wa Kisumu au wa soko la Kariokor ataibandua na kuweka nyingine, ikiisha, miaka ijayo.

Naandika haya kwa uchungu kidogo. Mwaka fulani nilikuwa na buti za magome, zawadi ya mjomba. Nikatoka nazo Magunga mvua ikininyeshea, matope kilo mbili kila mguu. Usiku nikaziweka kando ya jiko zikauke upesi. Asubuhi zilikuwa zimekakamaa na kupasuka juu ya vidole kama chapati ya jana. Niliziloweka, nikazipaka mafuta, nikaziomba msamaha, wapi. Usirudie ujinga wangu. Futa matope yakiwa bado mabichi, jaza magazeti ya zamani ndani, ziweke kivulini penye upepo siku mbili. Zikishakauka ndipo upake nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo ya ngozi, kwa kitambaa, ukisugua mpaka mkono uchoke. Mafuta ya kupikia usithubutu: yatanuka, na panya watakula ulimi wote. Na siku ya mvua kubwa, mdogo wangu, kiburi kando, vaa gambuti.

Jambo moja zuri umelipata bila kulitafuta. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake unayoiona kando ya Ruma ni ya vitambaa vya rangi hizo. Buti zako za kahawia huenda zisimwite sana.

Kuhusu pesa: usikope kwenye chama kwa ajili ya buti, hata tone lizame namna gani. Weka 3,000 mbele yake, mwambie utarudi mwisho wa mwezi, na umwombe aandike jina lako kwenye soli kwa chaki. Akikataa, waulize mafundi wa Kariokor wakushonee za ngozi ya ng'ombe iliyoiva kwa miwati. Ng'ombe anatosha.

Ukinunua, nitumie picha. Si ya mbele. Ya ukingo wa ulimi.