Kiingilio Kiwe Shilingi Ngapi? Somo la Biashara Kutoka Sherehe za Chuo

Wanachuo wenzangu, kila mwaka hapa Mzumbe tunapokaribisha mwaka wa kwanza, mjadala wa kiingilio lazima uibuke. Mmoja anasema elfu kumi ni hela ndogo, mwingine anasema bora alale. Wote wanaongea kwa hisia. Mimi nasoma ualimu wa masomo ya biashara, kwa hiyo leo naomba tuongee kwa hesabu.

Chuo chetu kina historia ya kufundisha uendeshaji wa mambo. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, mwaka 1972 kikawa chuo cha IDM, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Itakuwa ajabu watu wa mahali kama hapa washindwe kupanga bajeti ya usiku mmoja. Kule India, vyuo vya biashara vya IIM vina matamasha makubwa yanayoandaliwa na wanafunzi wenyewe, kama Chaos la Ahmedabad na Unmaad la Bangalore. Wanafunzi ndio wanaotafuta wadhamini, wanaopanga ratiba na wanaolinda fedha. Kwao tamasha ni mazoezi ya kazi. Kwetu pia linaweza kuwa hivyo.

Hatua ya kwanza: tenganisha gharama

Kuna gharama za kudumu, yaani zile utakazolipa hata akija mtu mmoja. Na kuna gharama zinazobadilika, zinazoongezeka kwa kila kichwa kinachoingia. Tuchukue mfano wa kubuni:

- Muziki na jukwaa: 900,000
- Maturubai na viti: 400,000
- Mshereheshaji na mapambo: 300,000
- Ulinzi na usafi: 200,000

Jumla ya gharama za kudumu ni 1,800,000. Kisha kila mgeni anapewa sahani ya chakula na soda kwa 3,000, na tiketi pamoja na utepe wa mkononi kwa 500. Hiyo ni 3,500 kwa kichwa.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Kilosa, wanafunzi wangu walikariri tofauti hii lakini hawakuielewa. Nikawauliza kuhusu harusi za kwetu Magomeni: turubai linalipiwa kiasi gani wakija watu hamsini? Na wakija mia? "Ni lile lile, mwalimu!" Na mchele je? Darasa zima likacheka, maana kila mmoja ameshaona wali ukiisha kabla wageni hawajaisha. Kuanzia hapo hawakukosea tena.

Hatua ya pili: tafuta idadi inayorudisha gharama

Kanuni ni nyepesi. Toa gharama ya kichwa kutoka kwenye kiingilio, kisha gawa gharama za kudumu kwa kinachobaki.

Kiingilio kikiwa 10,000, kinachobaki ni 6,500, kwa hiyo mnahitaji watu 277. Kikiwa 8,000, kinabaki 4,500, mnahitaji watu 400. Kikiwa 5,500, kinabaki 2,000 tu, mnahitaji watu 900.

Hapa ndipo kamati nyingi hukimbilia elfu kumi, maana watu 277 wanapatikana fasta. Lakini tujiulize ni akina nani hao. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo tiketi ya elfu kumi ni siku nzima ya bumu: asubuhi, mchana, usiku na kitanda. Na huyo ndiye mwenye mkopo. Yupo pia ambaye hakupata hata senti, ambaye kwao wanasubiri mahindi yauzwe ndipo wamtumie nauli. Sherehe ya kumkaribisha mwaka wa kwanza ikimwacha huyo hosteli akisikiliza muziki kwa mbali, imemkaribisha nani?

Hatua ya tatu: badilisha mpango kabla ya kubadilisha bei

Ukishusha bei bila kugusa gharama, unakaribisha deni. Ukitaka bei ishuke, angalia upya nini kimo ndani ya tiketi. Tuondoe chakula. Gharama ya kichwa inabaki 500. Halafu tuwakaribishe mama lishe na wauza chipsi kumi, kila mmoja alipie meza 30,000. Hiyo ni 300,000, na gharama za kudumu zinabaki 1,500,000. Sasa kiingilio cha 3,000 kinaacha 2,500, na mnahitaji watu 600.

Ni watu 200 zaidi ya wale wa tiketi ya elfu nane, ila bei imeshuka kwa zaidi ya nusu. Mwenye njaa anunue, asiye na hela acheze. Na mama lishe naye kapata biashara.

Hatua ya nne: ahadi si fedha

Somo hili kamati za harusi zinalijua kuliko vitabu vyetu. Kwetu mweka hazina huwa na safu mbili kwenye daftari: walioahidi na waliolipa. Turubai linakodiwa kwa safu ya pili. Mdhamini akisema "tutawasaidia", mwandike safu ya kwanza mpaka hela iingie.

Tarehe nayo ni sehemu ya bajeti. Vijijini Kilosa harusi nyingi hufuata mavuno, kwa sababu mchango hutoka mahali penye kitu. Msimu wetu sisi ni bumu. Kamati inayopanga sherehe wiki ya mwisho kabla bumu halijaingia inalima kiangazi.

Mwisho, hesabu zibandikwe ubaoni ndani ya wiki moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Viingilio vikilipwa kwa lipa namba, kazi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu kila shilingi inaacha alama. Wanafunzi wakiona karatasi hiyo mwaka huu, mwakani watachangia bila kubembelezwa.

Zoezi

1. Kwa mpango wa hatua ya tatu, mvua ikanyesha na wakaja watu 450 tu. Kamati imepata hasara kiasi gani?
2. Mdhamini akitoa 500,000 taslimu, kiingilio cha 3,000 kitahitaji watu wangapi?
3. Kama mngetaka kuwaingiza bure wanafunzi 50 wasio na mkopo, na kila mmoja apewe tiketi na utepe, wenye tiketi za kulipia wawe wangapi ili hesabu zisawazike?

Majibu: 375,000, watu 400, watu 610. Rudieni hilo la tatu. Watu kumi tu wa nyongeza, na wenzetu hamsini wameingia.