Tuzo za Filamu Nilivyozijua Nikiwa Katoro na Kahama

Nimekulia Shinyanga mjini, nikakaa mlangoni mwa kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, huko Katoro mkoani Geita nikikusanya kiingilio, nikahamia Kahama kupiga picha za harusi, na siku hizi natengeneza filamu fupi. Zulia jekundu nimeliona kwenye simu tu. Lakini tuzo nimezifikiria sana, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Usukumani majaji wapo wengi, na wote wamesimama

Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Hakuna anayetoa alama. Watazamaji wakianza kutoka huku kwenda kule, matokeo yamejulikana. Ndiyo maana manju hutunga nyimbo mpya, hutafuta vituko, wengine huingia na nyoka, na hakosi anayesemwa kwamba ametumia dawa ya mvuto.

Kibanda chetu cha mabati Katoro kilikwenda kwa sheria hiyohiyo. Wachimbaji wa dhahabu walitoka kwenye maduara, mashimo yao, jioni, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, bado kichwani, wakalipa, wakakaa kwenye mabenchi. Picha ikizubaa walihamia kwa jirani mwenye mpira. Pesa yao hawakudai, ila kesho yake ungewaona wanapita mbele ya mlango wako kama hawakujui. Baadaye niliposoma jinsi majaji wa matamasha wanavyojifungia chumbani na kujadiliana, nilijiuliza manju angewaonaje.

2. Mwongozaji hana sura mpaka aitengeneze

Kwenye ubao wa mlangoni tuliandika jina la filamu, jina la nyota, na jina la mtafsiri. La mwongozaji hatukuliandika, wala hakuna aliyewahi kuliuliza. Swali lilikuwa: "Ni ya Lufufu?" Maana sauti ya Lufufu ikieleza picha ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili chake, mchimbaji alijua hela yake haipotei. Huyo alikuwa mtu wa kuongea juu ya kazi ya wengine, na alijulikana kuliko waliozitengeneza. Sioni kosa hapo. Aliwafikia watazamaji ambao mwongozaji wa Hong Kong hakuwahi kuwawaza.

3. Kanumba alipewa heshima ambayo haina kikombe

Mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi hukohuko mjini. Alianza kujulikana akiwa na Kaole, kundi la maigizo lililokuwa likionekana kwenye runinga ya ITV, na mwaka 2006 akatokea kwenye filamu ya "Dar 2 Lagos" pamoja na Wanaijeria. Baadaye akawa anaigiza, anaandika, anatayarisha na kuongoza, chini ya kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Films. Yeye ndiye aliyetufanya tuseme "hii ni ya Kanumba" tukimaanisha kazi nzima, si sura ya kwenye kava peke yake.

Nitasema ukweli wangu: filamu zake nyingi zina kasoro. Sauti inapanda na kushuka, hadithi ya saa moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuze mara mbili, na majina ya Kiingereza yanabandikwa hata pale kisa kinapotokea Sinza, Dar es Salaam. Jopo lenye masharti lingezikataa. Tena wenye kumcheka hawakukosekana: alipoingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, watu walijadili Kiingereza chake kuliko kazi yake. Lakini alipofariki, Aprili 2012, akiwa na miaka 28, viwanja vya Leaders pale Kinondoni vilifurika maelfu kwa maelfu. Shinyanga maduka ya CD yaliziweka sauti za filamu zake nje kwenye spika kutwa nzima. Huo ulikuwa uwanja mzima umehamia upande mmoja. Tuzo ya jopo haijawahi kufanya hivyo kwa mwongozaji yeyote wa Tanzania, na mimi siamini kwamba watu wale wote walikuwa hawajui filamu.

4. Tuzo ya mbali haimalizi ugomvi wa nyumbani

Kanda ya Ziwa tumeshawahi kuwa na filamu iliyobeba heshima kubwa: "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper wa Austria, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza, minofu inayosafirishwa Ulaya, na ndege zinazodaiwa kuleta silaha. Ilipata tuzo ya filamu bora ya hali halisi ya Ulaya, ikapata César kule Ufaransa, ikaingia kwenye wateule wa Oscar mwaka 2006. Huku tuliijua kwa jina moja tu: Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Kikwete, aliyekuwa rais wakati huo, aliilaani hadharani mwaka huohuo, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga.

Wengi walioandamana hawakuwa wameiona. Hilo ndilo lililonikaa kichwani zaidi ya ubishi wenyewe wa silaha. Filamu ilizunguka dunia nzima kisha ikarudi kwa watu wake ikiwa uvumi. Ungeiweka kwenye vibanda umiza vya Kirumba, Mwanza, wiki moja, ikabishaniwa na wauza samaki wenyewe, ugomvi ungekuwepo, lakini ungekuwa na macho.

5. Mwulize aliyesimuliwa

Mwaka 2013, kwenye tamasha la Venice, "White Shadow" ya Noaz Deshe ilishinda Simba wa Baadaye, tuzo ya Luigi De Laurentiis kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji, yenye dola 100,000 za kugawana mwongozaji na mtayarishaji. Ni filamu ya Kiswahili, inamhusu Alias, kijana mwenye ualbino anayepelekwa mjini na mama yake baada ya baba kuuawa. Mauaji ya watu wenye ualbino tunayafahamu. Kuanzia mwaka 2007 yalitikisa Shinyanga, Mwanza na maeneo ambayo leo ni Mkoa wa Geita, na miongoni mwa waliotuhumiwa kuchochea biashara ya viungo walikuwa wanaotafuta bahati ya madini. Mganga alimwahidi mtu dhahabu, na mtoto wa jirani akalipia.

Niliitazama kwenye kompyuta pamoja na kijana mmoja wa Kahama mwenye ualbino. Mimi nilikuwa nashangaa kamera inavyokimbia, mwanga unavyovunjika. Yeye alinyamaza hadi mwisho, kisha akauliza kama yule kijana aliyeigiza Alias sasa hivi yuko salama, na anaishi wapi. Tangu siku hiyo kila nikisikia filamu imeshinda, hilo ndilo swali ninaloanza nalo: waliomo ndani yake wako wapi?

6. Kupelekwa na kuteuliwa ni mambo mawili

"Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar ya filamu ya kimataifa. Kabla yake tulikuwa tumepeleka moja tu, "Maangamizi" ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Mitandaoni watu waliandika "imeteuliwa". Sivyo. Kila nchi hupeleka filamu moja, kisha chujio linaanza, na yetu haikufika kwenye wateule. Kulisema hilo hakumpunguzii Shivji kitu. Miaka zaidi ya ishirini kati ya filamu ya kwanza na ya pili inatosha kuonyesha alikuwa amepanda mlima gani.

7. Tuzo hupita kwenye makaratasi

Hili fupi. Ukitaka kupeleka filamu kwenye tamasha bila usumbufu, heri uwe na kibali cha Bodi ya Filamu, ridhaa ya kila uliyempiga picha, tafsiri ya maandishi chini ya picha, na haki ya kila wimbo unaosikika, hata ule unaotoka kwenye sabufa ya muuza chipsi. Nilipotengeneza filamu kuhusu akina mama wanaoponda mawe na kuosha mchanga kwenye mialo ya dhahabu ya Rwamgasa, mkoani Geita, nilimtafuta manju mwenye wimbo uliomo, nikamlipa, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Manju alicheka sana. Alisema nyimbo zake zimeibwa na mikoa mitatu na hajawahi kuona karatasi.

8. Cheti kina kazi ambayo hukukipangia

Filamu ile ya Rwamgasa ilipata cheti cha kutajwa kwa heshima kwenye tamasha dogo. Haikuleta mfadhili wala mwaliko. Nilikiweka kwenye fremu ukutani studio, pembeni ya bei za picha za pasipoti. Siku moja ukoo wa bibi harusi ulikuja kupatana, wakakisoma neno kwa neno, wakanong'onezana kwa Kisukuma wakidhani sikielewi. Shangazi akageuka akaniuliza kama naweza kupiga send-off, harusi na mahari, zote tatu, na hakuomba punguzo. Tangu hapo nimepandisha bei, na pesa ya harusi ndiyo inayonunua betri za filamu inayofuata, ya wasaga mawe wa Nyarugusu, hukohuko Geita.