Mapacha Hawangoji Siku ya Mbio



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jamaa ambayo iko karibu nasi sana katika nchi hii, lakini ambayo ni mara chache tunaikumbuka katika mafundisho ya ndoa. Ni jamaa ya mwanariadha. Kutoka Iten hadi Kaptagat, kutoka Kapsabet hadi Nyahururu, wako mabwana wengi ambao chakula na karo za watoto wao hutoka katika miguu yao. Bwana wa namna hii akiambiwa kwamba mkewe ana mimba ya mapacha, ajitayarishe vipi?

Ikiwa wewe si mkimbiaji, usiache kusoma. Dereva wa lori, askari na mwalimu aliyepelekwa mbali wana shida hiyo hiyo: kazi inawaita upande mmoja, na nyumba inawaita upande wa pili.

TUFIKIRIE MFANO HUU

Tuseme yuko bwana mmoja wa upande wa Keiyo. Tumwite Baba Cherop, na mkewe tumwite Mama Cherop, kwa jina la binti yao wa miaka minne. Bwana huyu hukimbia marathoni, kilomita 42 na mita 195. Jumatatu asubuhi anakwenda kambini, Jumamosi anarudi nyumbani. Hanywi pombe, hapotezi pesa, na mkewe hana lawama juu yake.

Mwezi wa Juni Mama Cherop anakwenda kliniki, anapigwa picha ya tumbo, na daktari anaona watoto wawili. Mimba ina majuma 20. Usiku ule Baba Cherop anachukua kalenda. Anahesabu mpaka majuma 40 na kufika mwanzo wa Novemba. Meneja wake amekwisha kumpatia nafasi ya kukimbia Ulaya katikati ya Oktoba.

"Mama Cherop," anasema kwa furaha, "Mungu ametupangia vizuri. Nitakimbia, nitarudi na pesa, na majuma matatu baadaye watoto watakuja."

Mkewe ananyamaza kidogo. Halafu anamjibu: "Baba Cherop, umehesabu vizuri, lakini umehesabu mtoto mmoja."

MAKOSA MAWILI KATIKA HESABU YA BABA

Kosa la kwanza ni la majuma. Majuma 40 ni hesabu ya mtoto mmoja. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya juma la 37, na hata wakikaa vizuri tumboni, mara nyingi madaktari hushauri wazaliwe karibu na juma hilo. Wale wanaotumia kondo moja la nyuma huhitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, na huenda wakazaliwa mapema zaidi. Ndiyo maana ni lazima kumwuliza daktari mapema: kondo ni moja au ni mawili? Sasa hesabu tena. Ikiwa majuma 40 ni mwanzo wa Novemba, juma la 37 ni katikati ya Oktoba. Ndiyo siku yenyewe ya mbio! Tena kabla ya siku hiyo kuna miezi mitatu au minne ya mazoezi makali, kilomita 160 au hata 200 kwa juma, wakati ule ule ambapo tumbo la mama linakuwa zito na hawezi kubeba mtungi wa maji wala kuinama shambani.

Kosa la pili ni la pesa. Baba anafikiri kwamba zawadi ya Oktoba italipa gharama za Oktoba. Wanariadha wenyewe wanajua kwamba sivyo. Pesa za mashindano haziji siku ya kushinda. Hungojea majibu ya vipimo vya dawa, kodi hukatwa, meneja huchukua sehemu yake, na miezi hupita. Tena mguu ukiumia katika kilomita ya 30 hakuna zawadi kabisa. Mtu akitegemea mbio hizo kulipa hospitali, anajenga nyumba kwa mbao ambazo bado ni miti msituni.

Hatusemi kwamba baba aache kukimbia. Hiyo ndiyo kazi yake, na mapacha watakula kutokana na kazi hiyo. Tunasema kwamba uamuzi wa kukimbia lini si wa baba peke yake, wala si wa meneja wake. Ni wa bwana na bibi pamoja, na ufanywe mapema, kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya watu wa Ulaya.

HOFU YA BABA

Tusimdharau Baba Cherop. Ana hofu ya kweli. Anajua kwamba maisha ya mwanariadha ni mafupi, vijana wanakuja nyuma yake kila mwaka, na meneja anaweza kumsahau. "Nikikosa Oktoba, nitaitwa tena?"

Kwa hofu hiyo tunamkumbusha jambo moja. Wanawake wanariadha hukosa msimu mzima kwa ajili ya mtoto. Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya mita 1500 huko Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 alijifungua binti. Mwaka 2019 alikuwa amerudi, akapata fedha katika mashindano ya dunia ya Doha, na baadaye akachukua tena dhahabu ya Olimpiki, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Ikiwa mama anaweza kutoa mwaka mzima wa mwili wake na kurudi, baba aliye mzima hawezi kutoa msimu mmoja?

Basi Baba Cherop akae na kocha na kupanga upya. Anaweza kukimbia nusu marathoni hapa nchini mwezi wa Agosti, apunguze mazoezi mwezi wa Septemba, aache Oktoba, na kujitayarisha kwa mbio za Aprili mwaka unaofuata. Ndiyo, pesa itapungua. Lakini afadhali upungufu ambao wawili wameupanga kuliko ajali ambayo mmoja amemwachia mwenzake.

BABA NI MWEKA KASI

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima inamkumbuka yeye. Lakini siku ile wanariadha 41 walipokezana kumsaidia. Walikimbia mbele yake na nyuma yake, wakamkinga upepo na kushika kasi iliyotakiwa. Baadhi yao walikuwa mabingwa wenyewe, lakini siku ile hawakutafuta ushindi wao. Walipomaliza zamu yao waliwapisha wengine.

Bwana mpendwa, katika mimba hii mkimbiaji ni mkeo. Wewe ni mweka kasi. Kazi yako si kukimbia mbele na kumwacha. Ni kumkinga upepo: kuchota maji, kukata kuni, kumpeleka Cherop chekechea, kuwajibu jamaa wanaosema maneno ya kutisha. Zamani, katika kabila kadhaa za nchi yetu, mapacha walikuwa na miiko mingi, na wako wazee ambao bado wananong'ona. Mama asiachwe kupambana na minong'ono hiyo peke yake. Baba aseme wazi mbele ya wazazi wake kwamba watoto wote wawili ni zawadi ya Mungu.

Pia mkimbiaji mzuri anajua kuanza polepole. Mazoezi ya asubuhi kule Iten huanza kwa mwendo ambao mgeni angeucheka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Baba ambaye ananunua kila kitu cha watoto siku ya kwanza, halafu harudi tena kliniki, ameanza kwa kasi mbaya.

MAMBO YA KUTAYARISHA

1. Kliniki. Mama wa mapacha huhitaji kuonwa mara nyingi kuliko mama wa mtoto mmoja. Yuko katika hatari zaidi ya kupungukiwa na damu na ya kupanda kwa shinikizo la damu. Ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelezwa, na ale mboga za majani, maharagwe, mayai na nyama kadiri mnavyoweza. Baba amsindikize, hata kama ni mara chache, asikie kwa masikio yake.

2. Dalili za hatari. Baba azijue kwa moyo kama anavyozijua nyakati zake za mbio. Ni kuvuja damu, maji kutoka, kuumwa sana na kichwa, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, maumivu makali ya tumbo, uchungu kabla ya wakati, na watoto kupunguza kucheza. Ikitokea moja ya hizi, msingoje kesho.

3. Mahali pa kujifungulia. Mapacha wasizaliwe nyumbani. Ulizeni mapema ni hospitali gani iliyo na chumba cha upasuaji, damu, na kitengo cha watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Zahanati ya karibu inaweza kuwa nzuri kwa kliniki lakini isitoshe kwa siku ile.

4. Safari. Elewaneni na jirani mwenye gari, na mjue simu yake. Barabara za mlimani usiku, wakati wa mvua, si mahali pa kumbeba mama kwa pikipiki.

5. Malipo. Hakikisheni kwamba wote wawili mmeandikishwa katika SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kwamba michango imelipwa. Wekeni akiba kidogo kidogo kutoka mwezi mnaopata habari. Akiba haiozi.

6. Likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili yenye malipo. Askari polisi, magereza na wanajeshi hawamo katika sheria hiyo, na wanariadha wetu wengi wako huko. Basi wawaulize wakubwa wao mapema. Anayejitegemea ajipe likizo mwenyewe.

WATOTO WAKIFIKA

Tuseme mapacha wa Baba Cherop wanazaliwa katika juma la 35, mwanzo wa Oktoba. Kama angeshika mpango wake wa kwanza, angekuwa katika majuma mawili ya mwisho kabla ya mbio, akili yote iko Ulaya. Lakini yuko wodini. Watoto ni wadogo. Muuguzi anamwambia avue shati, anamwekea mtoto mmoja kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika kwa shuka. Mama amembeba wa pili namna hiyo hiyo. Joto la mzazi huwasaidia watoto wadogo sana, na baba anaweza kulitoa sawa na mama. Kifua kilichozoea kubandikwa namba ya mashindano sasa kina kazi nyingine.

Ikiwa mtoto yuko katika hatari ya kufa, msisubiri sherehe. Mwiteni padre mara moja. Asipopatikana, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kumbatiza.

Nyumbani, mjue hesabu hii: mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Wakiwa wawili, zidisha. Mama wengi wanaweza kuwanyonyesha mapacha bila kuongeza kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza, kwa maana maziwa huongezeka kadiri yanavyonyonywa. Lakini hawezi ikiwa hali, hanywi na halali. Baba amlete mtoto kitandani, ampokee akishiba, amtulize, abadilishe nepi. Bwana aliyezoea kulala saa tatu usiku kwa ajili ya mazoezi ya alfajiri atateseka. Apunguze kilomita. Asirudi kambini mpaka yuko mtu wa kushika nafasi yake, kama vile nyanya wa watoto au dada wa mama.

Na Cherop asisahauliwe. Wageni wote wanakimbilia mapacha, naye amesimama mlangoni. Baba amtafutie nafasi kila siku, hata ya kutembea naye mpaka dukani.

Jambo la mwisho. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma juu ya mapacha wa Rebeka, Esau na Yakobo. Baba alimpenda mmoja, mama akampenda mwingine, na nyumba ikagawanyika. Msigawane watoto, huyu wa baba, huyu wa mama. Wote wawili ni wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kaeni jioni moja, redio imezimwa, mjibu kwa zamu. Mmoja akisema, mwenzake asimkatize.

1. Kalenda ya kazi yako na kalenda ya nyumba yetu zinagongana wapi mwaka huu? Tulipanga pamoja au mmoja aliambiwa tu?

2. Bibi amwambie bwana: ni upepo gani unaonipiga ambao wewe huuoni?

3. Bwana amwambie bibi: ninaogopa kupoteza nini nikipunguza kazi?

4. Tutaacha jambo gani, na kuanzia tarehe gani?

Jibu la swali la nne liandikeni kwenye kalenda kwa kalamu ya wino. Halafu bwana ampigie meneja wake simu, au mkubwa wake wa kazi, mkewe akiwa ameketi karibu naye.